Kwanini gitaa langu halitoi ile sauti ya American Football?

Swali limetoka kwa kijana wa Morogoro anayepiga gitaa kwenye kwaya ya kanisani, nalifupisha: "Kaka shikamoo. Kuna kipande cha gitaa nakutana nacho sana TikTok, kimewekwa kwenye picha ya nyumba nyeupe usiku, wanasema bendi inaitwa American Football. Nimejaribu kukipiga, noti nazipata ila haifanani, inakuwa kama wimbo wa chekechea. Shida ni gitaa langu au vidole? Halafu hawa jamaa ni kina nani, mbona watu wanalia kwenye komenti, na mtu anaweza kuandika nyimbo za wazi vile kwa Kiswahili bila kuonekana analialia?"

Marahaba mdogo wangu. Naanza na gitaa maana naona ndo linalokunyima usingizi, hao jamaa wenyewe tutawakuta njiani.

Gitaa lako halina shida na vidole vyako havina shida. Unapiga kwenye tyuni ya kawaida na wao hawakuwa kwenye tyuni ya kawaida, basi. Huo wimbo unaitwa Never Meant, ndo wa kwanza kwenye albamu yao ya 1999, na gitaa limetyuniwa hivi kuanzia uzi mnene kwenda mwembamba: F A C G C E. We umezoea E A D G B E. Kwahiyo uzi wa sita unaupandisha nusu toni kutoka E kwenda F, wa tano unauacha kwenye A yake, wa nne unaushusha toni nzima kutoka D kwenda C, wa tatu unabaki G, wa pili unaupandisha nusu toni kutoka B kwenda C, na wa kwanza unabaki E. Nyuzi tatu tu ndo zinazohama. Tumia programu yoyote ya kutyuni ya kwenye simu ila iweke ile mode ya kusoma noti zote, usiiache kwenye mode ya gitaa la kawaida maana itakuwa inabishana na wewe muda wote. Uzi wa pili upandishe taratibu kama ni wa zamani, ndo unaopenda kukatika na ukikatika unachapa mkono.

Ukishamaliza usishike kitu chochote kwenye shingo, chuna nyuzi zote sita wazi, moja moja polepole. Umeisikia? Hapo nusu ya wimbo tayari unayo na hujaweka kidole hata kimoja.

Kinachotokea ni hiki. F, A na C za chini ni kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) ya F meja ya kawaida kabisa, ile ile unayopiga Jumapili. Halafu juu yake kuna G na E zimekaa. E iko nusu toni tu chini ya F, kinadharia hizo mbili zingegombana, ila kwasababu F iko chini kabisa na E iko juu kabisa, karibu oktavu mbili kati yao, ugomvi wake unausikia kwa mbali kama kitu kinachouma kidogo bila kuharibu. Na G inaongeza uwazi. Wenye nadharia wanaiita F meja nain. Ukipiga F meja tupu sikio linajua limefika, linapumzika, ukipiga hii sikio halijui kama limefika au linaondoka, na hiyo hali ya katikati ndo bendi nzima imejengwa juu yake, yani watu wanaolia kwenye komenti wanalizwa na hiyo kodi kabla hata mtu hajaimba.

Sababu ya pili ya kwako kusikika kama wimbo wa chekechea ni kwamba kwenye tyuni ya kawaida kila noti inabidi uikandamize, na kidole kikihama noti inakufa. Kwahiyo unasikia noti moja, kimya, noti ya pili, kimya. Kwenye F A C G C E noti nyingi za ile melodi unazipata kwenye nyuzi zilizo wazi, zinaendelea kulia wakati kidole kimeshaenda kwenye shughuli nyingine, zinapandana. Ongeza hapo ile ya kugonga uzi kwa kidole cha mkono wa kushoto bila kuuchuna na ile ya kuunyofoa, ndo maana mkono wa kulia wa hawa jamaa unaonekana umetulia lakini noti zinamwagika. Hakuna disto, yani ule mkwaruzo wa gitaa la umeme, ni ampu safi na rivabu kidogo, ule mwangwi. Ukiweka disto kwenye kodi yenye E na F ndani yake utapata uji.

Sasa kingine ambacho TikTok hawakuambii, kile kipande ni gitaa mbili. Moja ni ya Mike Kinsella ambaye ndo mwimbaji, nyingine ya Steve Holmes, na hakuna anayempigia mwenzie ridhimu. Kila mmoja ana melodi yake, zinaingiliana kwenye matundu, huyu akinyamaza yule anasema. Hapa nyumbani hii ungepaswa kuielewa haraka kuliko kijana wa Marekani, maana kwenye muziki wetu wa dansi mambo ni hayo hayo, kaa usikilize Msondo au Sikinde uache kumsikiliza mwimbaji, fuata solo na second solo tu uone zinavyosukana. Wakongo nao walikuwa na mchezo wao wa nyuzi, mi-composé, wanatoa uzi wa nne wanaweka mwembamba unaolia oktavu moja juu ili gitaa ya katikati ing'ae. Sisemi American Football wamechukua kwetu, sina ushahidi wa kitu kama hicho, wao wenyewe wanawataja watu kama Steve Reich, mtunzi wa New York mwenye muziki wa vipande vifupi vinavyojirudia na kupishana kidogo kidogo. Nachosema ni kwamba sikio lako lina msingi tayari, ila ulikuwa unajaribu kupiga nafasi ya watu wawili peke yako, hata Kinsella mwenyewe asingeweza. Tafuta mwenzako, au rekodi sehemu ya kwanza kwenye simu halafu upige ya pili juu yake.

Na usihesabu moja mbili tatu nne. Mpiga dramu wao, Steve Lamos, ana mkono wa jazi, mwepesi, na kwenye albamu ile kuna sehemu nyingi ambazo ukihesabu nne unabaki na mguu hewani. Imba kile kipande cha gitaa kwa mdomo mpaka kikukae, halafu ndo upige. Huyo Lamos ndo huyo huyo anayepiga tarumbeta utakayoisikia kwenye The Summer Ends na For Sure, tarumbeta ya pole pole kama mtu anayefikiria kitu kingine. Wengine wanaiona kama pambo, mimi naona ndo sauti ya pili ya mwimbaji kwenye bendi ile.

Haya, ni kina nani.

Ni wanafunzi watatu wa chuo. Champaign na Urbana ni miji miwili iliyoshikana kwenye jimbo la Illinois, kusini ya Chicago, mashamba ya mahindi kila upande, na katikati yake kuna University of Illinois. Mike Kinsella alikulia maeneo ya Chicago na akiwa bado mtoto wa sekondari alikuwa anapiga dramu kwenye bendi ya kaka yake Tim, inaitwa Cap'n Jazz, kelele tupu na nguvu, ilivunjika 1995 lakini karibu kila mtu aliyepita pale akaenda kuanzisha bendi nyingine. Alipofika chuo akakutana na Lamos, wakawa na bendi moja fupi inaitwa The One Up Downstairs, ikafa kabla haijatoa kitu, halafu wakabaki hao wawili na Holmes. Jina American Football halina siri yoyote, lilitoka kwenye bango la mchezo, wakalipenda. Ndo maana ukigoogle bila kuongeza neno bendi unaletewa mijitu yenye helmeti.

Walitoa EP, yani rekodi fupi ya nyimbo chache, 1998, halafu 1999 wakaingia studio moja hapo hapo Urbana wakarekodi albamu kwa siku chache tu, nyimbo tisa, kama dakika 41. Bendi haikuwa na mpiga besi. Kwenye albamu besi ikipatikana Kinsella ndo kaipiga, jukwaani walipanda watatu bila besi na maisha yakaendelea. Albamu ikatoka Septemba ile, redio za vyuo zikaipiga kiasi, na wao wakamaliza masomo kila mtu akashika njia yake. Hakukuwa na ugomvi wala madawa wala meneja aliyekula hela. Walihitimu. Bendi ilikuwa jambo la chuo na chuo kimeisha. Lamos akasoma mpaka akawa profesa kwenye chuo cha Colorado, anafundisha uandishi, Holmes akaenda kwenye kazi za ofisini, na Kinsella akaendelea kutoa albamu za peke yake kwa jina la Owen, ambazo nakushauri uzitafute kama unapenda gitaa la akustiki.

Kwahiyo ndio, ni kweli walivunjika kabla hawajajulikana. Lakini stori inayozunguka mtandaoni kwamba eti intaneti iliwafufua kutoka kaburini kwa muujiza mimi siipendi, maana inamruka mtu muhimu. Lebo yao ni Polyvinyl, lebo ndogo ya hapo hapo Illinois iliyoanza kama jarida la mashabiki miaka ya katikati ya tisini, na hawa watu hawakuitupa ile albamu. Bendi haipo, haizunguki kwenye shoo, haina video, na lebo inaendelea kuiweka sokoni mwaka baada ya mwaka. Lebo kubwa zinaitoa kwenye katalogi bidhaa ya namna hiyo, ukiitafuta baada ya miaka mitano huipati na huwezi kumpata hata mwenye haki ya kukuuzia. Ndo maana kijana aliyeambiwa na mwenzake mwaka 2004 au 2009 alikuta albamu ipo, akainunua, akamwambia mwingine. Kufika mwanzoni mwa miaka ya 2010 kukawa na kizazi kizima cha bendi changa za Marekani na Uingereza kinachotyuni gitaa F A C G C E, TTNG wa Oxford ni mfano mzuri, na kila mmoja akiulizwa anataja albamu ile ile ya wale wanafunzi watatu.

2014 Polyvinyl wakaitoa upya na wimbi lake likawashtua wao wenyewe. Bendi ikarudi, safari hii na besi, Nate Kinsella, binamu yake Mike. Wakatangaza shoo New York kwenye ukumbi wa Webster Hall, tiketi zikaisha, wakaongeza siku, zikaisha tena. Piga picha mtu ana kazi yake, ana watoto, na hao watu wote wanaimba nyimbo alizoandika akiwa na miaka ishirini na kitu, na zamani zile akizipiga watu wanaongea zao.

Ile nyumba. Ilikuwa nyumba ya kupanga ya wanafunzi pale Urbana, mpiga picha Chris Strong ndo aliyeipiga kutoka chini kuangalia juu, mbingu ya kijani kijani na dirisha moja la juu lina taa. Hiyo ndo picha ya jalada la albamu. Watu wanasafiri kwenda kupiga picha mbele yake mpaka leo, na 2023 bendi, lebo, Strong na washirika wengine wakaichangia wakainunua ili isije ikabomolewa. Mi naona ni kichekesho kidogo, albamu nzima inahusu kuondoka halafu kitu kilichobaki ni nyumba. Ila naelewa kwanini, ile picha inafanya kazi ile ile ya kodi niliyokueleza, hujui kama unaingia au unatoka.

Sasa twende kwenye mashairi, ambako swali lako ndo gumu.

Kinsella alikuwa kama miaka 22 wakati anaimba vile, na sikiliza sauti yenyewe, haijafunzwa, inapanda kwa shida, na kwenye mchanganyo wa sauti imewekwa chini kidogo, haijasimama mbele ya gitaa kama mnavyofanya kwenye gospo. Inabidi usogee kuisikia. Hilo tu ni uamuzi mkubwa. Halafu maneno ni machache mno. Kuna wimbo unaitwa Stay Home una dakika kama nane, na sehemu kubwa ni gitaa zinazunguka, mwimbaji anakuja amechelewa na mistari yake michache anaondoka. Kuna nyingine mbili hazina maneno kabisa. Yani hawa jamaa wakiwa hawana la kusema wananyamaza, na gitaa linabeba.

Wakisema, wanasema na mtu mmoja. Never Meant ni mtu anamwambia mwenzake basi tusahau tu tuliyosema na tuliyofanya. Hakuna "enyi wapenzi wote duniani". Na The Summer Ends nakuomba uisikilize kwa makini kuliko zote, maana mle ndani jamaa anawaza namna ya kuaga, atoe mkono, akumbatie, au ambusu shavuni. Huzuni anaigusa kwa mstari mmoja tu, kwamba wote wawili hawakuwa na furaha. Kila mtu aliyewahi kusimama stendi na mtu anayempenda huku hajui mikono aiweke wapi anajua kilichomo humo. Hapo ndo uwazi wao unapokaa, kwenye kitu kidogo cha aibu ambacho mtu mwingine angekiruka ili aende kwenye sehemu ya moyo kuvunjika.

Kwahiyo unaposema unaogopa kuonekana unalialia, mimi nakuambia tofauti haipo kwenye kuwa wazi au kutokuwa wazi. Anayelialia anaandika hukumu, nimeonewa, nimeachwa, nani kama mimi. Hawa wanaandika tukio na hukumu wanakuachia. Na mara nyingi mwenye makosa ni wao wenyewe au hakuna mwenye makosa, na hiyo ndo ngumu zaidi kuiimba. Mfano, usiandike moyo wangu unavuja damu. Andika umeacha chaja yako kwangu na simu zetu hazifanani. Mstari wa pili unaudhi zaidi na hauombi huruma ya mtu.

Na tafadhali usije ukaniambia Kiswahili hakina hiyo njia. Taarabu ina mafumbo yake, sawa, kule uwazi unavaa baibui. Lakini dansi iliimba shida za watu kavu kavu, na wewe unatoka kwenye mji wa Mbaraka Mwinshehe bwana, mtu aliyeimba na kupiga solo mwenyewe na Morogoro Jazz halafu Super Volcano, akafariki 1979 na bado nyimbo zake zinapigwa kwenye mabasi. Wazee wako wa mtaa uliopo wanaweza kukuimbia nyimbo zake mwanzo mwisho. Sikiliza anavyoacha gitaa liseme pale maneno yanapoisha.

Kitakachokusumbua kwenye Kiswahili ni silabi, sio aibu. Kiingereza kina maneno mengi ya silabi moja, Kinsella anaweza kutupia maneno sita kwenye mstari mfupi na bado ana nafasi ya kuvuta. Sisi neno moja tu lina silabi tano. Ukijaribu kutia maneno sita ya Kiswahili pale unapata rapu, na gitaa la namna hii na mwendo wa haraka wa maneno haviendani. Punguza. Maneno mawili matatu kwa mstari, na ile noti ndefu ya melodi hakikisha inaangukia silabi ya pili kutoka mwisho, pale ambapo mkazo wetu ulipo. "Utaondoka kesho", vuta kwenye ndo na kwenye ke, utaona inakaa yenyewe. Ukivuta kwenye ka na sho mtu anasikia kama mgeni anaimba lugha yetu, na bahati mbaya nyimbo nyingi za siku hizi zinafanya hivyo kwasababu melodi imetungwa na mtu mwenye Kiingereza kichwani.

Melodi tunga baada ya gitaa, sio kabla. Weka ile tyuni, zungusha kipande kimoja mpaka uchoke, halafu guna hovyo bila maneno. Noti utakazovutiwa nazo mara nyingi zitakuwa ni hizo hizo E na G za juu, achana na F, ukikaa kwenye F wimbo umeisha.

Kuhusu cha kusikiliza, albamu ya 1999 isikilize yote kwa mpangilio wake, usiruke, ya mwisho imejengwa juu ya kinanda cha Wurlitzer na inakutoa vizuri. Albamu ya pili ya 2016 watu wanaipenda, mi naona imepakwa rangi sana, gitaa zimekuwa nadhifu mno na mtu unamsikia anajua kwamba anasikilizwa. Mashairi yake lakini ni ya mtu mzima mwenye familia anayejitazama bila kujipendelea, na siyo jambo dogo kurudi na miaka karibu arobaini ukaacha kuigiza yule kijana wa 22. Ya tatu ya 2019 ndo naona ndo mrithi halali wa ile ya kwanza, wameacha nafasi tena, nyimbo zinachukua muda wake, na kuna waimbaji watatu wamealikwa, Hayley Williams wa Paramore, Rachel Goswell wa Slowdive, na Elizabeth Powell wa Land of Talk. Sauti ya Goswell kwenye mchanganyo ule inakaa kama vile ilikuwa inasubiriwa siku zote.

Ukitaka kujua walikotokea, huu muziki unaitwa emo na najua jina hilo kwako ni nywele zimeziba jicho na wanja, hiyo ilikuja baadaye sana. Mwanzo ni Washington katikati ya miaka ya themanini, vijana wa muziki wa panki kina Rites of Spring waliochoka kupigana kwenye shoo wakaanza kuimba mambo ya ndani. Miaka ya tisini ikahamia katikati ya Marekani na ikapoa, ikapata melodi. Sikiliza Braid, walikuwa mji huo huo wa Champaign na lebo hiyo hiyo, albamu yao ya 1998 ina nguvu kuliko hii, na Mineral wa Texas kama unataka sauti inayokaribia kulia kweli kweli. Ukitaka gitaa bila mwimbaji, toe wa Japani, dramu za pale zitakutoa machozi kwa sababu tofauti kabisa.

Nyuzi: kama gitaa ni la umeme na una seti ya 10 (namba ya unene wa nyuzi), uzi wa nne ukiwa kwenye C utalegea na kugongagonga kwenye freti. Seti ya 11, nene kidogo, inatibu hilo. Ila kama gitaa ni la kanisa usibadilishe nyuzi za watu.

Na kama ni hilo hilo la kanisa, ukimaliza mazoezi lirudishe hivi: kwanza legeza uzi wa sita kutoka F kwenda E na wa pili kutoka C kwenda B, halafu ndo upandishe wa nne kutoka C kwenda D, kisha rudi ukague zote sita tena kwasababu shingo ya gitaa inavutika na kulegea unapobadilisha, zile ambazo hukuzigusa nazo zitakuwa zimehama kidogo. Fanya Jumamosi usiku, usisubiri Jumapili asubuhi, maana nyuzi zilizotoka kuchezewa zinaendelea kushuka kwa masaa kadhaa na mwalimu wa kwaya akipiga G yake ya kawaida ikatoka vile, mimi namba yangu usimpe.